Chumba Alichomjengea Mama

Mapaa ya Tobinoura yalikuwa meusi yote, vigae vyake vikiwa na mng'aro wa kioo, na mengi kati ya hayo yaliezekwa na mtu mmoja: mzee Kadowaki Yonezo. Upepo wa bahari katika rasi ya Noto, Japani, hauna adabu wakati wa baridi, na theluji yake ni nzito yenye maji, kwa hiyo mzee Yonezo alikuwa akitandika udongo mnene juu ya mbao, kisha vigae juu ya udongo, na paa lake likishakaa halikung'oka. Alipokufa, watu walisema msibani kwamba mzee ameondoka ila kijiji kizima kingali kimevaa kofia zake.

Mwanawe wa pekee, Kiyoharu, hakuurithi ufundi huo. Alikwenda mjini Kanazawa akasomea uchoraji wa majengo, akamwoa Noriko, mwalimu wa muziki, akapata kazi katika ofisi nzuri. Ardhi ilipotikisika upande wa pili wa rasi mwaka 2007, ofisi ikamtuma na wenzake kwenda kukagua nyumba. Huko aliona kitu ambacho hakikumtoka akilini. Paa jeusi, safi, halijapoteza kigae hata kimoja, lilikuwa limekaa chini juu ya ardhi kama kuku aatamiaye mayai. Nyumba yenyewe haikuwapo. Ilikuwa imelaliwa.

Alilizunguka paa lile. Akainama kutazama namna vigae vya ukingoni vilivyofungwa kwa waya wa shaba. Ilikuwa kazi nzuri sana. Baba yake angeisifu.

Mwaka uliofuata aliacha ofisi, akarudi kijijini kwa mama yake, Bi Mitsu. Noriko alikataa kuhama.

"Mimi nina wanafunzi wangu," alisema. "Wewe nenda, usije ukanilaumu uzeeni. Mwisho wa wiki utanikuta hapa hapa."

Basi ikawa hivyo. Siku za kazi alikuwa Tobinoura, Jumamosi na Jumapili Kanazawa, na katikati ilikuwa barabara ya mlimani yenye kona.

Kazi aliyojichagulia ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiuza. Nyumba za kwao zilibeba mzigo mkubwa kichwani, na chini zilisimama juu ya nguzo zilizoachana, upande wa barabarani zikiwa milango mitupu ya kusukuma bila ukuta hata mmoja. Ardhi ikitikisika, kichwa kinakwenda huku, miguu inabaki kule. Dawa yake ni kupunguza mzigo wa juu, kuongeza kuta, kupigilia mbao za mshazari kati ya nguzo, na kuzifunga nguzo kwenye msingi kwa vyuma. Kila nyumba aliipigia hesabu akaipa alama. Yenye moja kwenda juu ilikuwa ya kusimama. Nyingi za Tobinoura zilipata sifuri nukta mbili.

Fundi wake alikuwa Nakade Isao, seremala aliyesoma naye shule ya msingi, mtu mnene mwenye mikono mifupi na mdomo usiopumzika.

"Sifuri nukta mbili!" Isao alicheka alipoonyeshwa alama ya nyumba yake mwenyewe. "Bwana wee, hata kwenye hesabu za darasa la nne sikuwahi kufeli hivyo."

"Sicheki, Isao. Nimekuchorea ramani bure. Lini tunaanza?"

"Baada ya sikukuu ya taa."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Na mwaka jana sikukuu haikuwepo? Mganga hajigangi, Mhandisi. Tumalize za watu kwanza."

Tatizo ni kwamba za watu hazikuwa nyingi. Walipobisha hodi walikaribishwa chai na figili za kuchacha, wakasikilizwa kwa heshima, Kiyoharu akiitwa Mwalimu, kisha wakajibiwa lile lile. Bibi Hatsue wa nyumba ya kona ndiye aliyelisema wazi kuliko wote.

"Mwalimu, hii nyumba ikianguka itamwangukia nani? Mimi peke yangu. Na mimi nina miaka themanini na mbili."

"Watoto wako wakija likizo, bibi?"

"Wako Osaka. Wakija wanalala usiku mmoja wanasema mikeka inawaumiza mgongo." Akamwongezea chai. "Na huo ukuta wako unaotaka kuuweka pale katikati, wageni wa sikukuu nitawakalisha wapi? Juu ya paa, na baba yako?"

Kiyoharu alikunja ramani yake. Usiku wa sikukuu, taa kubwa za karatasi zinapobebwa mabegani hadi pwani, kila nyumba ilikuwa ikiondoa milango ya ndani, vyumba viwili vitatu vikawa ukumbi mmoja, na yeyote apitaye akaitwa kula. Nyumba isiyoweza kufungua ukumbi wake ilikuwa kama imekufa. Na yeye alikuwa akizunguka kijijini akiwaomba watu wajenge kuta katikati ya kumbi hizo.

Miaka ikapita. Nyumba walizoziimarisha yeye na Isao hazikujaza vidole vya mikono miwili, na mbili kati ya hizo wenyewe walikufa kwa uzee, zikafungwa. Shule ya msingi ikafungwa pia.

Aliyemshinda kabisa ni mama yake. Bi Mitsu alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, aliyezoea kuamka kabla ya jogoo, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa na paa zito kuliko zote, kwa kuwa mzee Yonezo aliichagulia vigae kimoja kimoja.

"Baba yako aliliezeka paa hili goti lake likiwa limevimba kama tikiti," alimwambia mwanawe. "Wewe unataka kulishusha uweke mabati?"

"Si mabati, mama. Ni vigae vyepesi."

"Vyepesi! Mume mzito, paa jepesi. Nikifika huko aliko nitamwambia nini?"

"Basi acha paa. Niruhusu niweke ukuta mmoja tu hapa."

"Hapo ndipo alipolazwa siku ya msiba wake. Usinizibie."

Kisha ardhi ya ncha ya rasi ikaanza kutikisika mara kwa mara, mitikisiko midogo, miaka mitatu mfululizo. Watu wakaizoea kama mtu anavyozoea jirani mgomvi. Mwaka wa tatu, mwezi wa Mei, ukaja mmoja mkubwa ukaangusha nyumba katika mji wa jirani, na vigae kadhaa vikateleza Tobinoura.  Jioni moja Bi Mitsu akaweka bakuli chini, akasema:

"Haya, nijengee hicho kisanduku chako. Lakini paa usiliguse."

Kisanduku kilikuwa rai ya mwisho ya Kiyoharu kwa wale waliokataa yote. Ni chumba ndani ya chumba: nguzo nene za mwerezi zilizokaribiana, boriti juu, mbao za mshazari pande zote, na mbao ngumu za ukuta zilizopigiliwa misumari karibu karibu. Nyumba ikilala yote, chumba kinabaki. Yeye na Isao walikijenga kiangazi kile katika chumba cha kulala cha mama, Isao akitoka jasho na kuimba vibaya.

Bi Mitsu alikikagua akiwa amefunga mikono nyuma.

"Jeneza gani hili lenye mlango?"

"Bi Mitsu," Isao alisema, "mimi nimetengeneza majeneza. Hili si la bei hiyo."

Alicheka kidogo. Lakini wiki mbili baadaye Kiyoharu alikuta chumba kimejaa madumu ya figili na magodoro ya wageni, na mama amelala ukumbini karibu na madhabahu ya kumkumbukia mume wake. Wakagombana. Siku tatu mama hakumpikia. Mwishowe alihamia chumbani humo, akisema analala mle ili mtu fulani anyamaze.

Mbao za nyumba ya Isao nazo zilikuwa tayari zimekatwa, zimepangwa chini ya kibanda chake zikauke. Walikubaliana kuanza theluji ikiyeyuka.

Siku ya mwaka mpya Noriko alikuja kutoka Kanazawa na mfuko wa machungwa. Isao alipita mchana na kipande cha samaki na chupa ya pombe ya mchele, akanywa vikombe vyake, akamtania Noriko kwamba ameolewa na barabara, kisha akaaga akiwa mwekundu hadi masikioni.

"Ninakwenda kujinyoosha kidogo. Nikilala hapa Mhandisi ataniingiza kwenye sanduku."

Walikuwa wameketi watatu, miguu chini ya mfarishi wa meza yenye kipasha joto chini yake, supu ya keki za mchele ikichemka jikoni, nyumba ilipotikisika. Taa ilining'inia ikicheza. Ulikuwa mtikisiko wa kawaida, mkubwa kidogo kuliko ile waliyoizoea. Ulipotulia, Bi Mitsu alisema, "Haya, umekwisha," akanyoosha mkono kuchukua chungwa.

Kiyoharu alikuwa amesimama tayari.

"Ingieni chumbani. Wote."

"Supu yangu iko motoni."

"Mama, ingia!"

Alizima jiko, akamshika mama yake kwapani kama mtoto, akamsukuma Noriko mbele. Bi Mitsu alikuwa bado anamkaripia walipovuka kizingiti, ndipo ardhi ikaja kweli. Haikutikisa. Ilichukua nyumba ikaivuta huku, ikaivuta kule, na kila ilipoivuta waliisikia ikivunjika mahali pengine. Kiyoharu alikuwa amempigia mama hesabu hizi kwa miaka mingi na hakuna hesabu iliyokuwa na sauti ile. Kisha giza, kishindo kimoja kirefu juu ya vichwa vyao, na vumbi la udongo wa miaka arobaini likawajaa midomoni.

Chumba kilisimama.

Walitoka kwa kupasua ubao wa kidirisha, na nje kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kikipiga kelele: bahari inakuja, kimbilieni juu, msirudi nyuma. Kiyoharu akambeba mama mgongoni. Noriko hakuwa na viatu. Njia haikuwepo tena, palikuwa na nguzo za umeme na mapaa, mapaa meusi yaliyokaa chini kila upande, na ilibidi wapande juu yake kama watu wanaopanda miamba.

Paa la Isao nalo lilikuwa chini. Kiyoharu alisimama.

"Isao! Isao!"

 Kisha sauti ikatoka chini, si mbali, kama mtu anayezungumza kutoka ndani ya kabati.

"Nipo. Kuna boriti mguuni."

"Ninakuja. Subiri!"

"Una nani mgongoni?"

"Mama."

Kipaza sauti kilizidi kupiga kelele. Noriko alimshika mkono mumewe.

"Basi mpeleke mama," Isao alisema. "Mimi siendi popote."

Akampeleka. Alipanda hadi hekaluni, akamweka mama juu ya ngazi, akamfunika koti lake, akashuka tena na wanaume wawili wazee na jeki ya gari. Bahari ilikuwa imefika hadi barabara ya chini na kurudi. Jua lilikuwa linazama. Alimwita Isao kwa jina, akamwita kwa jina la utani la shuleni, akaligonga paa kwa jiwe. Walisukuma jeki chini ya ukingo, ikazama matopeni. Wakatandika ubao, wakaisukuma tena, ikapinda. Udongo wa mzee Yonezo, vigae vya mzee Yonezo, na wao walikuwa watatu, na mdogo wao alikuwa Kiyoharu mwenye miaka sitini na moja. Barabara ya mlimani ilikuwa imekatika kila kona, kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa njiani kuja. Askari wa uokoaji walifika siku ya tatu kwa miguu. Maiti ya Isao waliitoa kwa saa moja tu, kwa kuwa walikuwa wengi na walikuwa na vifaa.

Bibi Hatsue pia walimtoa vivyo hivyo chini ya paa lake, na wengine.

Wiki zilizofuata manispaa iliwatafuta wote wenye leseni ya uchoraji wa majengo. Kazi ilikuwa kubandika karatasi milangoni: kijani ingia, njano angalia, nyekundu usiingie. Kiyoharu akatembea theluji ikimfika magotini na kifurushi cha karatasi nyekundu. Mahali ambapo mlango haukuwepo aliibandika kwenye kitu chochote kilichosimama. Nyumba nyingine aliijua hadi ndani, kwa kuwa alikuwa na ramani yake ofisini, ramani ambayo mwenye nyumba aliisifu akairudisha kwenye bahasha. Hakuna aliyemwambia, "Mwalimu, ulisema kweli." Labda walimhurumia. Wachache walianza kumkwepa.

Mama yake walimpeleka Kanazawa, nyumbani kwa Noriko, ghorofa ya tano, katika jengo lililopigiwa hesabu vizuri. Palikuwa na joto, na maji ya moto saa yoyote. Bi Mitsu alikaa dirishani akiangalia maegesho ya magari. Hakuwa na shamba la figili, wala jirani wa kumsema. Noriko alimpikia kwa upole, akamwogesha, akamnunulia redio. Alishukuru kwa kila kitu kama mgeni.

Jumamosi moja Kiyoharu aliketi naye.

"Mama, hujala."

"Isao walimzika wapi?"

"Kwa ndugu zake, Komatsu. Huko kwetu pa kuchomea maiti pamebomoka."

Mama alitikisa kichwa polepole.

"Kiyo, sikukemei. Wewe ulifanya kazi yako." Akamtazama, macho yake makavu. "Ila niambie tu, uliniokoa ili unipeleke wapi?"

Kiyoharu alichukua chungwa.  Akaanza kulimenya, akalimenya lote, akalipanga juu ya sahani, na mama hakuligusa.

Bi Mitsu alikufa mwezi wa Mei, wakati wa kupanda mpunga. Daktari aliandika nimonia.

Tobinoura ilikuwa imebaki na watu wachache katika nyumba za muda zilizojengwa uwanjani mwa shule, kando ya mto. Wavuvi hawakuwa na kazi: sakafu ya bahari ilikuwa imeinuka pamoja na tetemeko, bandari ikakauka, na mashua zikalala ubavu juu ya mwani uliokuwa ukioza. Hata hivyo Kiyoharu alirudi. Majira yote ya mvua alichora. Alichora nyumba kumi na mbili ndogo za mteremkoni, mbali na bahari, mapaa mepesi, kuta mahali pake, na katikati ukumbi mmoja wa wote wa kupokelea wageni wa sikukuu. Hesabu zake ziliipa kila nyumba moja nukta saba. Zilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua.

Alizibandika ukutani mkutanoni. Mkuu wa mtaa, Bwana Shinde, mvuvi mwenye masikio makubwa, alizitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri sana, Mwalimu. Nzuri mno."

"Nani angependa kurudi?" Kiyoharu aliuliza. "Nyosheni mikono tu, si ahadi."

Ikanyooshwa mikono mitatu. Mmoja ulikuwa wa Shinde. Mwingine ulikuwa wa mzee ambaye mkewe aliushika akaushusha.

"Wewe nani atakupeleka hospitali?" mke alimnong'oneza, na wote wakasikia.

Septemba mvua ikanyesha siku mbili bila kupumua. Milima iliyokuwa imepasuka tangu Januari ikateremka kama uji, mto ukapanda, na tope likaingia katika nyumba za muda hadi usawa wa vitanda. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba walipoteza sasa sufuria na mablanketi waliyopewa na wageni. Kinga dhidi ya tope haikuwa katika hesabu za Kiyoharu. Wakati Kiyoharu alipokuwa akikomba tope kwa koleo, Shinde alikaa juu ya ndoo akasema bila hasira, "Inatosha sasa. Ardhi haitutaki." Mwezi ule ule mabasi yakawachukua wengi wao.

Novemba manispaa ikabomoa mabaki. Kiyoharu alisimama kando wakati mashine ilipokuwa ikila nyumba ya mama yake. Iliinua vigae kama magamba ya samaki, ikavunja boriti, ikafika kwenye chumba cha mwerezi, ikakwama. Dereva alikisukuma, akakivuta, akashuka kukitazama.

"Mjinga gani alipigilia misumari mingi hivi?" alifoka.

"Mimi," Kiyoharu alisema. "Na mwenzangu."

Dereva akavua kofia, akaomba radhi, akarudi kwenye mashine. Iliwachukua hadi alasiri.

Sasa Kiyoharu anafanya kazi Kanazawa katika ofisi inayokagua hesabu za maghala. Ni majengo makubwa, ya chuma, ambayo hakuna anayelala ndani. Anapiga muhuri, anarudi nyumbani, anakula na Noriko. Ramani zile kumi na mbili Noriko alimwuliza aziweke wapi, naye akasema popote.

Mwishoni mwa baridi Shinde alimpigia simu. Alikuwa mtu wa mwisho aliyebaki Tobinoura, akichota maji kwenye lori.

"Wamesema mabomba hawatayatengeneza tena, Mwalimu. Kwa ajili ya mtu mmoja haiwezekani, na mimi nawaelewa. Kesho nahamia kwa binti yangu, Toyama."

"Ni vizuri. Hutakuwa peke yako."

"Ndiyo. Nilitaka tu ujue."

 Nyuma ya Shinde kulisikika upepo.

"Bwana Shinde," Kiyoharu alisema, "hiyo nyumba ya binti yako ilijengwa mwaka gani?"

"Mbona sikumwuliza?" mzee alijibu. "Ya zamani, nadhani. Aliinunua kwa bei rahisi."

Kiyoharu alishika simu. Mke wake alikuwa jikoni akiosha vyombo. Maneno yote aliyokuwa nayo ya kusema kuhusu nyumba za zamani alikuwa amekwisha kuyasema, katika maisha yake, mara nyingi mno.

"Safari njema," akasema. "Msalimie binti."